Michoro ya Mitindo ya Wanawake, Paris 1908–1925: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa ushonaji na ubunifu, pamoja na wapenzi wa picha za kale, wanapokutana kwa mara ya kwanza na michoro ya mavazi ya wanawake iliyochapishwa Paris mwanzoni mwa karne ya 20. Nimejifunga kwenye mji huo na miaka hiyo kwa makusudi, kwa sababu michoro yake ndiyo inayosambaa zaidi kwenye simu zetu leo, mara nyingi bila jina la mchoraji, bila mwaka, na bila neno lolote juu ya watu walioitengeneza.

Kabla ya hapo, mchoro wa mitindo ulikuwa na kazi gani?

Ulikuwa chombo cha kazi. Jarida kama La Mode Illustrée, lililoanzishwa Paris mwaka 1860, lilimfikia mwanamke aliyeishi mbali na mafundi wakubwa. Yeye aliuchukua mchoro akaupeleka kwa mshonaji wake, kama vile leo mteja anavyoingia kwa fundi, akanyoosha kidole kwenye bango la mishono lililobandikwa ukutani, na kusema, "Fundi, naomba huu, ila mikono iwe mirefu kidogo." Kwa hiyo mchoraji alitakiwa kueleza kila kitu: vifungo viko vingapi, lesi inaanzia wapi, marinda yamelazwa kuelekea upande gani. Wengi wa wachoraji hodari wa karne ya 19 walikuwa wanawake, akiwemo Anaïs Toudouze na dada zake wa familia ya Colin, na ukiitazama kazi yao kwa makini utaona kwamba walikuwa wanaujua mshono kwa undani.

Udhaifu wa michoro hiyo ulikuwa kwamba gauni lilikuwa hai kuliko mwenye kulivaa. Nyuso zilifanana, miguu haikuonekana, na wanawake wawili waliosimama bega kwa bega hawakuonekana kuwa na neno la kuambiana. Kisha mwaka 1901 likatoka jarida la Les Modes, lililotumia picha za kamera kwa wingi, na ghafla kazi ya kushuhudia vazi lilivyo ikapata mshindani. Nadhani hapo ndipo mabadiliko yalipoanza: mchoro ulipoona kwamba kamera inaweza kuhesabu vifungo, ulilazimika kutafuta kazi nyingine.

Ni nini kilichotokea mwaka 1908?

Mbunifu wa mavazi Paul Poiret, aliyezaliwa Paris mwaka 1879 na kufungua nyumba yake ya mitindo mwaka 1903 baada ya kufanya kazi katika nyumba za mitindo za Doucet na Worth, alimwomba kijana wa miaka 25 aitwaye Paul Iribe amchoree magauni yake. Matokeo yake yalikuwa albamu ndogo yenye karatasi kumi za michoro, iliyochapishwa nakala 250 tu, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Magauni ya Paul Poiret kama yalivyosimuliwa na Paul Iribe". Neno "kusimuliwa" lilichaguliwa kwa makini, kwa maana mchoro haukuwa tena orodha ya vipande vya nguo bali hadithi fupi.

Fungua ukurasa wowote wa albamu hiyo uone alichokifanya. Kiti cha kale, fremu ya picha ukutani na pazia vimechorwa kwa mstari mwembamba mweusi bila rangi, ilhali magauni yamejazwa rangi tupu za manjano, kijani na waridi, bila vivuli. Baadhi ya wanawake wametupa mgongo, wanatazama kitu ambacho sisi hatukioni vizuri. Mchoraji wa zamani asingethubutu kumgeuza mwanamke mgongo, kwa sababu angelificha nusu ya mshono aliolipwa kuuonyesha. Iribe alithubutu, na ukiangalia jinsi kitambaa kinavyoteremka kutoka chini ya kifua hadi sakafuni kwa mstari mmoja, unaelewa kwamba mstari huo ndio habari yenyewe. Wachoraji wa Paris walikuwa wamejifunza mengi kutoka kwa picha za Kijapani zilizochapishwa kwa vibao vya mbao, hasa namna ya kuacha nafasi tupu ifanye kazi na namna ya kukata umbo kwenye ukingo wa karatasi.

Mwaka 1911 Poiret alirudia jambo hilo na mchoraji mwingine, Georges Lepape, safari hii kwa nakala 1,000. Kurasa za mwisho za albamu hiyo zinaonyesha wanawake "wa kesho", na wanawake hao wamevaa suruali.

Gauni lenyewe lilikuwa limebadilikaje?

Mtu asiyejua vazi lililotangulia hawezi kuuonea ajabu mstari wa Iribe. Tangu karibu mwaka 1900 mtindo uliotawala ulikuwa wa koseti (vazi la ndani la kubana kiwiliwili) iliyonyooka mbele, ambayo ilisukuma kifua mbele na nyonga nyuma, hata mwili ukitazamwa kwa ubavu ukafanana na herufi S. Kiuno kilibanwa kikawa kama cha nyigu, na sketi ikatandazwa chini kama kengele. Marekani, mchoraji Charles Dana Gibson alikuwa amemfanya mwanamke wa umbo la aina hiyo, mrefu, mwenye nywele zilizokusanywa juu ya kichwa na macho yasiyotishika, kuwa kielelezo kwa wasichana wa nchi nzima.

Poiret aliupandisha mkanda hadi chini ya matiti, kama ulivyokuwa Ufaransa miaka mia moja nyuma, akaliacha gauni lining'inie kutoka mabegani badala ya kushikiliwa na kiuno. Nia yangu si kumpa sifa asizostahili. Wengine walikuwa wakielekea huko huko, na koseti haikutoweka siku moja. Wanawake wengi waliendelea kuvaa koseti ndefu ya kubana nyonga ili gauni jembamba likae vizuri. Vilevile Poiret aliyekifungua kifua ndiye aliyeifunga miguu: kufikia mwaka 1910 sketi zake zilikuwa zimebana chini kiasi kwamba mwanamke alitembea kwa hatua fupi fupi, na kupanda gari ikawa kazi ya kusaidiwa. Katika michoro jambo hili halionekani, kwa sababu wanawake wake mara nyingi wamesimama au wameketi. Ukimwona mwanamke wa mwaka 1911 amechorwa anapanda ngazi, angalia miguu yake kwanza.

Rangi zile zilipakwa vipi?

Zilipakwa kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine, kwa kutumia stensili. Wafaransa huiita mbinu hiyo pochoir, na ndiyo sababu kubwa ya michoro hii kuwa na mng'ao ambao uchapishaji wa kawaida haujawahi kuufikia.

Mchoraji alikabidhi karakana mchoro wake aliouchora kwa rangi za maji au kwa gwashi, ile rangi ya maji iliyo nzito isiyopitisha mwanga. Kwanza mistari myeusi ilichapishwa kwa mashine kwenye karatasi zote. Kisha fundi mzoefu aliusoma mchoro wa asili na kuamua rangi ngapi zinahitajika na ipi itangulie, akakata stensili moja kwa kila rangi kutoka kwenye bati jembamba la zinki, shaba au alumini. Stensili ilipangwa juu ya karatasi iliyochapishwa ili tundu lake lilingane kabisa na sketi au kilemba kinachotakiwa kupakwa, na mpakaji akagongagonga rangi kwa brashi ya duara yenye nywele fupi. Karatasi ikaachwa ikauke, ikarudi tena kwa rangi ya pili, ya tatu, ya kumi. Mchoro mmoja ulioonekana mwepesi kama pumzi ungeweza kuhitaji stensili zaidi ya 20.

Wekundu wa shavu ndio uliokuwa mtihani. Sketi hujazwa rangi moja kwa usawa, lakini shavu linataka rangi inayofifia kuelekea sikioni, na hilo lilitegemea brashi yenye rangi kidogo sana na mkono unaojua kusimama. Katika nakala mbili za mchoro mmoja unaweza kuona kwamba mwanamke wa karatasi hii ana haya kidogo zaidi ya yule wa karatasi nyingine. Mpakaji, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, hakuandika jina lake popote. Bingwa aliyejulikana zaidi katika kazi hiyo, Jean Saudé, alitoa mwaka 1925 kitabu kinachoeleza ufundi huo hatua kwa hatua, na kwa bahati njema mikono ile imebaki na ushahidi angalau huo.

Gazette du Bon Ton lilikuwa jarida la aina gani?

Lilianzishwa na Lucien Vogel, na toleo lake la kwanza lilitoka Novemba 1912. Vogel aliingia makubaliano na nyumba saba za mitindo, ambazo ni Cheruit, Doeuillet, Doucet, Paquin, Poiret, Redfern na Worth, zimpatie mavazi yake yachorwe na wachoraji aliowachagua. Jarida lilichapishwa kwenye karatasi nzuri, kwa herufi za aina ya Cochin, na michoro yake mikuu ilikuwa karatasi za peke yake zilizopakwa kwa stensili. Ukubwa wake ulikuwa wa wastani, karibu sentimita 25 kwa 19, saizi ya kushikwa mikononi na kutazamwa kwa karibu.

Mwaka huo huo wa 1912 yalitoka pia Journal des Dames et des Modes, lililodumu hadi 1914, na Modes et Manières d'Aujourd'hui, mfululizo wa Pierre Corrard uliokuwa na michoro 12 kwa kila albamu na nakala 300 tu. Usajili wa mwaka wa Gazette ulikuwa faranga 100, fedha ambazo mshonaji wa kawaida wa Paris asingeweza kuzitoa kwa ajili ya karatasi. Msomaji wake, kwa hiyo, alikuwa mwanamke mwenye uwezo wa kuagiza gauni lenyewe, na hilo tusilisahau tunapoitazama dunia ya bustani, ngazi za marumaru na mbwa wembamba inayoonyeshwa humo.

Je, kila vazi lililochorwa lilishonwa kweli?

Hapana. Mara nyingi kila toleo la Gazette lilikuwa na michoro mikuu kumi, ambapo saba ilionyesha mavazi ya nyumba za mitindo na mitatu ilikuwa ya mawazo ya mchoraji mwenyewe, mavazi ambayo hayakuwa yameshonwa na mtu yeyote.

Njia ya kutofautisha ni kusoma maandishi ya chini ya mchoro. Kuna kichwa kidogo kinachosimulia tukio, na chini yake mstari unaotaja aina ya vazi na jina la nyumba. Mchoro mmoja mashuhuri wa Lepape wa Desemba 1912 una kichwa chenye maana ya "Je, nimewahi mno?", na mstari wa pili unatuambia kwamba tunalotazama ni koti la kuvalia kwenda kwenye maonyesho ya jukwaani, kazi ya Poiret. Swali hilo dogo linamweka mwanamke kwenye wakati maalumu wa jioni yake, kabla watu hawajafika, akiwa na koti ambalo bado halijaonwa na yeyote isipokuwa sisi. Mstari wa pili usipotaja nyumba ya mitindo, fikiria kwamba unatazama ndoto ya mchoraji. Binafsi naipenda michoro hiyo ya ndoto, lakini anayeandika historia ya mavazi asiitumie kama ushahidi wa kile kilichovaliwa.

Wachoraji wakuu walikuwa akina nani, na je, wanawake walikuwemo?

Jina linalorudiwa zaidi ni George Barbier, aliyezaliwa Nantes mwaka 1882 na kufariki 1932. Barbier alikuwa na mkono wa mtu aliyetazama sana vyombo vya Kigiriki vya kale: miili yake ina mzingo ulio safi, na rangi yake nyeusi ni nyeusi kweli. Lepape ana ucheshi na macho yaliyofumbwa nusu. Charles Martin ana mistari ya pembe pembe, mwepesi wa utani. André-Édouard Marty ndiye ninayemwona kuwa mpole kuliko wote. Katika michoro yake upepo unavuma, mtoto anavuta mkono wa mama, theluji inaanguka. Pierre Brissaud na Bernard Boutet de Monvel walitoka katika mazingira yale yale ya sanaa, na kwa kuwa baadhi ya vijana hao walipenda kujipamba na kuvaa bangili, jarida la Vogue la Marekani liliwapachika jina la mashujaa wa bangili.

Wanawake walikuwemo, ingawa hawatajwi inavyostahili. Valentine Gross alichora kwa ajili ya Gazette, na Gerda Wegener, aliyetoka Denmark, alifanya kazi Paris kwa majarida kadhaa. Ng'ambo ya bahari, Helen Dryden wa Baltimore alichora majalada mengi ya Vogue tangu mwaka 1909 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ukikutana na mwanafunzi anayedhani kwamba fani hii ilikuwa ya wanaume, mwonyeshe kwanza jalada la Dryden, kisha umkumbushe wale dada wa familia ya Colin.

Romain de Tirtoff, Mrusi aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1892 na aliyejiita Erté kwa kutamka herufi za kwanza za jina lake kwa Kifaransa, alianza na Poiret na kuanzia 1915 akachora majalada zaidi ya 200 ya jarida la Marekani la Harper's Bazar.

Vilemba, suruali pana na mito ya sakafuni vilitoka wapi?

Mwaka 1909 kundi la wacheza dansi wa Kirusi la Ballets Russes lilianza kuonyesha Paris, na Juni 1910 likaonyesha Schéhérazade, ambayo mapambo na mavazi yake yalibuniwa na Léon Bakst kwa rangi kali za samawati, kijani na machungwa zilizowekwa pamoja bila woga. Mji mzima ulizungumza. Poiret alisisitiza kwamba alikuwa ameanza vilemba na rangi hizo kabla ya Warusi kufika, na ni kweli kwamba alikuwa amevitazama vilemba vya Kihindi katika jumba la makumbusho la South Kensington, London. Tarehe 24 Juni 1911 alifanya karamu kubwa nyumbani kwake aliyoipa jina la "Usiku wa Elfu Moja na Mbili", akawataka wageni wake takribani 300 waje katika mavazi ya Kiajemi. Mwaka huo huo sketi zilizogawanywa mithili ya suruali pana zilipoonekana hadharani Paris zilizua ghadhabu.

Kwa msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki ghadhabu hiyo inashangaza. Katika karne ya 19 wanawake wa tabaka la juu Zanzibar walivaa suruali ndefu chini ya kanzu ya hariri, na hakuna aliyeona kwamba wamevunja heshima. Kinyume chake, ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Kilichoitwa "Mashariki" na Paris kilikuwa mchanganyiko wa Uturuki, Uajemi, Uhindi na Japani, ulioshonwa pamoja na watu ambao wengi wao hawakuwahi kufika huko. Uzuri wa michoro iliyotokana nao ni wa kweli, na mimi huutazama kwa furaha. Hata hivyo ni lazima isemwe wazi kwamba fundi wa Kihindi au wa Kituruki aliyevumbua namna ya kukunja kile kilemba hakupata hata mstari mmoja chini ya mchoro.

Na manyoya yale ya kofia?

Sehemu kubwa ya manyoya ya mbuni yalitoka Afrika Kusini, hasa katika wilaya ya Oudtshoorn, ambako wakulima walifuga mbuni kwa ajili ya manyoya na baadhi yao wakajenga majumba ya fahari kwa faida yake. Unyoya wa mbuni hukatwa bila kumuua ndege. Haikuwa hivyo kwa yangeyange, ambao waliuawa kwa wingi sehemu mbalimbali za dunia kwa sababu unyoya wao mwembamba kama uzi, uliosimama wima kwenye kilemba, huota msimu wa kutaga mayai; mzazi akiuawa, makinda nayo hufa. Marekani ilipiga marufuku uingizaji wa manyoya ya ndege wa mwituni mwaka 1913, na Uingereza ikafuata mwaka 1921.

Soko la mbuni liliporomoka mwaka 1914. Vita vya Kwanza vya Dunia vilichangia, na gari nalo lilichangia, kwa kuwa kofia pana yenye manyoya marefu haikai kichwani kwenye gari la wazi. Ukipanga michoro ya mwaka 1908 hadi 1920 kwa mfuatano, utaona kofia zikisinyaa mwaka baada ya mwaka, na kwa mtu anayejua habari za Oudtshoorn, kusinyaa huko si urembo tu.

Kwa nini mafundi cherehani hawaonekani kwenye michoro?

Kwa sababu mchoro uliuza matokeo, na haukuuza kazi. Lakini nyuma ya kila gauni lenye jina la Paquin au Worth kulikuwa na vyumba vya wasichana na wanawake walioshona, waliodarizi na waliopinda mapindo kwa mkono kwa saa nyingi. Watu wa Paris waliwaita midinettes, kwa kuwa walionekana barabarani saa sita mchana wakila chakula chepesi kwa haraka kabla ya kurudi kazini.

Mei 1917, vita vikiendelea na maisha yakizidi kuwa ghali, wanawake hao waligoma. Walidai mshahara zaidi na nusu siku ya mapumziko ya Jumamosi yenye malipo, wakaandamana katika barabara zile zile ambazo mavazi waliyoyashona yalitembezwa. Walishinda: mwezi uliofuata sheria ikapitishwa ya kuwapa mapumziko hayo. Nawaomba wanafunzi wangu waikumbuke tarehe hiyo pamoja na mwaka 1908, kwa sababu mstari mzuri wa Iribe ulitegemea mapindo yaliyoshonwa na mtu fulani usiku.

Enzi hiyo ilikwisha vipi?

Vita vya 1914 ndivyo vilivyoivunja kwanza. Pierre Corrard aliuawa vitani, wachoraji kadhaa walivaa sare za jeshi, na Gazette likasimama baada ya toleo maalumu la 1915 lililoandaliwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya San Francisco. Lilirudi mwaka 1920, likanunuliwa na Mmarekani Condé Nast, mmiliki wa Vogue, na mwaka 1925 likamezwa na Vogue. Kamera nayo haikungoja: Edward Steichen alikuwa amepiga picha za magauni ya Poiret tangu 1911, na picha yake ya rangi ndiyo iliyopamba jalada la Vogue la Julai 1932.

Nitajuaje kama karatasi niliyonayo ni ya asili?

Chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vitone vidogo vidogo vya rangi nne vilivyopangana, hiyo ni nakala ya mashine ya miaka ya baadaye, hata kama karatasi imekuwa ya manjano na inanukia uzee. Rangi ya stensili haina vitone. Imelala juu ya karatasi kwa unene unaoonekana ukiiinamisha kwenye mwanga, na ukingoni mwake mara nyingi kuna ukuta mwembamba mahali rangi ilipokusanyika kwenye kingo za bati. Tafuta pia mahali ambapo rangi imevuka mstari mweusi kwa unywele mmoja au haikuufikia kabisa. Kasoro hiyo ndogo ni alama ya mkono. Usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na jua, na usiipeleke kwa mtu wa fremu atakayeibandika kwa gundi.

Ninaweza kuona wapi michoro hii, na je, ninaruhusiwa kuitumia?

Rijksmuseum la Amsterdam lina mkusanyiko mkubwa wa michoro ya mitindo unaoweza kutazamwa kwenye intaneti bila malipo, kwa ukubwa unaotosha kuona alama za brashi. Kuhusu matumizi, Ulaya hulinda haki ya mchoraji kwa miaka 70 baada ya kifo chake. Kazi za Barbier na za Iribe, aliyefariki 1935, zimekwisha kuwa huru huko, ilhali za Lepape, aliyefariki 1971, na za Marty, aliyefariki 1974, bado zinalindwa. Kabla ya kuchapa mchoro kwenye kitenge au mkoba wa kuuza, angalia sheria ya nchi unayouzia.

Je, ninaweza kushona vazi kutokana na mchoro wa aina hii?

Unaweza, lakini usitegemee mchoro ukuambie kila kitu, maana haukukusudiwa hivyo. Hauonyeshi mgongo kama mbele inaonekana, hauonyeshi mshono wa ubavuni, na urefu wa mwanamke umeongezwa ili mstari upendeze. Pima kichwa chake kwa rula uone kinaingia mara ngapi katika mwili. Kikiingia mara tisa au zaidi, ujue kwamba mkanda uliouona chini ya kifua utakaa pengine tofauti kwa mteja wako.

Kinachosaidia ni kujua kwamba Poiret alikata makoti yake mengi kwa vipande vilivyonyooka, mistatili iliyounganishwa, badala ya vipande vingi vilivyopindwa kufuata mwili. Tulipojaribu koti la namna hiyo na wanafunzi, tulitumia mita nne za marekani, kwa sababu kitambaa hicho cha pamba ni cha bei nafuu na hakifichi makosa. Jaribio la kwanza lilishindikana. Tulikuwa tumeweka mshono wa bega na kuchonga kwapa kama tunavyozoea kwenye blauzi, na koti likasimama mwilini kama sanduku. Tukafumua. Tukakata upya mbele, nyuma na mikono kwa kipande kimoja kilichokunjwa begani, bila mshono wa bega wala wa kwapa, tukaacha mshono mmoja tu unaotoka chini ya mkono hadi kwenye pindo, na tukaongeza upana wa mgongo kwa sentimita 20. Mwanafunzi alipolivaa, marekani ilishuka kutoka mabegani, ikajikusanya nyuma ya shingo, na pindo likainuka mbele kidogo kwa namna ile ile ambayo wote tulikuwa tumeidhania kuwa ni chumvi ya mchoraji.